Titi Halina Mistari

Mwanamke akijifungua, kabla wiki haijaisha atakuwa ameulizwa swali moja kuliko maswali mengine yote: maziwa yanatosha? Atauliza mama mkwe aliyekuja kumkanda kwa maji ya moto. Atauliza shoga aliyeleta kuku wa supu. Atauliza nesi wa zamu, na usiku wa manane, mtoto anapolia tena baada ya kunyonya, mzazi atajiuliza mwenyewe. Swali lenyewe ni la upendo. Ugumu wake ni kwamba linadai kiasi kutoka mahali ambapo kiasi hakionekani. Paketi imeandikwa nusu lita, chupa ina mistari ubavuni, sufuria ina kina unachoweza kukikadiria kwa jicho. Titi halina mistari. Maziwa yanatoka, mtoto anameza, na kati ya kutoka na kumeza hapana nafasi ya kutia kikombe.

Nimeketi kwenye mabenchi ya kliniki na kuwasikia akina mama wakijibu swali hilo kwa sauti ya mtu aliyeshtakiwa. Naandika haya kwa sababu naamini kuna vipimo viwili vya maziwa, cha jikoni na cha mtoto anayenyonya, na kwamba tumeviacha vikachanganyika hadi mama anahukumiwa kwa kipimo kisicho chake.

Tuanze jikoni, kwani huko kupima hakumuumizi mtu. Asubuhi muuza maziwa anapita na madumu yake juu ya baiskeli au pikipiki. Maziwa ya kupima huuzwa kwa lita, nusu na robo. Kikopo kinajazwa hadi ukingoni, kinamiminwa kwenye chombo cha mnunuzi, kisha muuzaji anayejua biashara yake huchota tena kidogo na kuongeza. Mteja asiyepewa nyongeza huondoka akinung'unika hata kama lita yake ilikuwa lita kamili. Nyongeza hiyo ndogo ina hekima. Inakiri kwamba kipimo kinalinda haki ya watu wawili wasioaminiana sana, lakini hakitoshi kuwafanya majirani.

Maziwa yakishaingia ndani, masharti yanalegea. Chai ya maziwa inapikwa nusu kwa nusu hela ikiwepo. Wageni wakibisha hodi, maji yanaongezwa na tangawizi inakazwa, na chai inanyweka. Uji wa mtoto aliyekwisha kuanza kula unatiwa maziwa mwishoni, ukiwa umeshaiva. Kwenye unga wa mandazi, kikombe kimoja cha maziwa ni mwanzo tu wa maelezo, kwa sababu unga wa leo ni mkavu kuliko wa juzi, na mpishi anaongeza kidogo kidogo huku akikanda, hadi donge liachane na vidole. Kikombe kinamfikisha karibu, mkono unamalizia. Hata kitabu cha mapishi kinachotaja mililita 250 kinamtegemea msomaji mwenye mkono wa namna hiyo.

Kipimo kinarudi kuwa kikali pale maziwa yanapopita mikononi mwa wasiofahamiana. Kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, mfugaji anasubiri karani atumbukize laktometa, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Maziwa halisi ya ng'ombe yana uzito wa karibu gramu 1,030 kwa lita, mazito kidogo kuliko maji, kwa hiyo aliyetia maji hukamatwa kwa sababu kijiti kinazama zaidi. Lakini wafanyabiashara wa zamani wanalijua tundu la kifaa hicho. Mafuta ni mepesi kuliko maji; ukiengua malai, maziwa yanazidi kuwa mazito, na ukitia maji yanapungua uzito. Anayefanya yote mawili kwa uangalifu anaweza kuirudisha laktometa palepale panapotakiwa. Namba inasoma vizuri, na ndani ya dumu mna kitu kingine. Naomba msomaji aishike habari hiyo ya namba iliyo sahihi juu ya kitu kilichobadilika, kwa sababu tutakutana nayo tena kwenye titi, ambako hakuna mdanganyifu wala udanganyifu.

Watu wamewahi kuyapima maziwa ya mama kwa uangalifu mkubwa, na njia waliyoitumia ni rahisi. Mtoto hupimwa uzito kabla ya kunyonya na baada ya kunyonya, akiwa na nguo zilezile na nepi ileile. Tofauti ya uzito ndiyo maziwa aliyomeza. Mwaka 2006 watafiti wa Perth, Australia, wakiwemo Jacqueline Kent na Peter Hartmann, walichapisha matokeo ya akina mama 71 waliofanya hivyo kwa saa 24 mfululizo. Watoto wao walikuwa na umri wa kati ya mwezi 1 na miezi 6, walikuwa wakinyonya bila kupewa kingine, na wote walikuwa wakikua vizuri. Kwa wastani mtoto alipata gramu 788 kwa siku. Wastani huo ulificha mengi. Aliyepata kidogo kuliko wote alipata gramu 478, na aliyepata nyingi kuliko wote gramu 1,356. Wapo walionyonya mara 6 kwa siku na wapo walionyonya mara 18. Na kwa wastani watoto walikunywa asilimia 67 tu ya maziwa yaliyokuwemo, wakaacha yaliyobaki.

Nilipoyasoma matokeo hayo kwa mara ya kwanza nilikaa nayo muda mrefu. Mtoto mmoja anakunywa karibu mara tatu ya mwenzake, na wote wawili wako salama. Fikiria mama wa yule wa gramu 478 akikaa benchi moja na mama wa yule wa gramu 1,356, wakilinganisha. Yule wa kwanza angerudi nyumbani akilia, na machozi yake yangekuwa ya bure.

Sehemu ya siri iko kwenye mafuta. Titi lililojaa hutoa kwanza maziwa yenye mafuta kidogo. Kadiri linavyopungua, mafuta yanaongezeka, na mwisho wa kunyonya yanaweza kuwa mara mbili au zaidi ya yale ya mwanzo. Kwa hiyo mililita 80 za titi lililokuwa limejaa na mililita 80 za titi lililokwisha kunyonywa saa moja iliyopita hazina nguvu sawa. Ndiyo ile habari ya laktometa. Kiasi ni kilekile, chakula ni tofauti. Mtoto anayenyonya mara nyingi, kidogo kidogo, huenda anapata maziwa yenye mafuta zaidi kila mara, na jirani anayemhesabia anasema, «Huyu hashibi, kila saa yuko kifuani.»

Sehemu nyingine iko katika namna maziwa yanavyotengenezwa. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama humwaga prolaktini inayoamrisha maziwa yatengenezwe, na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Maziwa yakikaa ndani ya titi bila kutolewa, titi lenyewe hupunguza kasi; yakitolewa, kasi inapanda. Kila titi hujiamulia peke yake. Maana yake ni kwamba kiasi cha kesho kinaandikwa na mtoto wa leo. Hapana ghala lililojazwa siku ya kujifungua ambalo linapungua kila siku. Na ndiyo maana chupa ya ziada anayopewa mtoto «ili mama apumzike» inaweza kuanzisha upungufu uleule uliokuwa ukiogopwa. Mtoto anashiba chupa, titi linakaa na maziwa, titi linapunguza, na kesho yake mwenye mashaka anasema, si nilisema?

Mkanganyiko unazidi pale jedwali la mkebe wa maziwa ya kopo linapotumika kulihukumu titi. Kanuni inayojulikana kwa mtoto asiyenyonya ni takriban mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 3.5 hesabu yake inatoka mililita 525. Akifika kilo 7, inatoka mililita 1,050. Namba zinapanda ngazi pamoja na uzito. Mtoto anayenyonya hafanyi hivyo. Tangu mwezi wa kwanza hadi wa sita, kiasi anachokunywa kwa siku hubaki karibu palepale, kwa sababu kasi ya kukua inapungua kadiri umri unavyosonga na mahitaji yake kwa kila kilo yanashuka. Mama wa mtoto wa miezi mitano anayesoma ubavu wa mkebe anaona pengo la zaidi ya robo lita kati ya namba ya mkebe na namba yake. Pengo hilo limeandikwa kwenye karatasi tu, halipo tumboni mwa mtoto. Lakini limeuza mikebe mingi.

Tabia ya kumlisha mtoto kwa namba ina historia, na haikuanza kwa nia mbaya. Mwishoni mwa karne ya 19, watoto wa maskini wa Paris walikuwa wakifa kwa kuhara, wengi wao kutokana na maziwa machafu ya ng'ombe. Mwaka 1892, daktari Pierre Budin alianza kuwaita akina mama waliojifungua katika hospitali ya Charité warudi na watoto wao wapimwe. Budin alihimiza unyonyeshaji. Mzani ulimsaidia kujua ni mtoto yupi hapati, na huyo ndiye aliyepewa maziwa yaliyochemshwa na kufungwa kwa usafi. Miaka miwili baadaye, daktari Léon Dufour alifungua huko Fécamp, Normandy, kituo cha kugawa maziwa alichokiita Goutte de lait, na vituo vya namna hiyo vikaenea Ufaransa, Ubelgiji na kwingineko. Huko New Zealand, kuanzia mwaka 1907, daktari Truby King alifundisha kunyonyesha kwa saa, kila baada ya saa nne, na usiku mtoto aachwe. Mzani wa Budin ulikuwa wa kumtafuta mtoto aliye hatarini. Saa ya Truby King ilikuwa ya kumfundisha kila mtoto nidhamu, na mafundisho yake yalisafiri mbali katika dola ya Waingereza.

Kwetu, historia hiyo ilifika na mzigo mwingine. Katika Kongo ya Wabelgiji, kwenye kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya shaba ya Katanga, tangu miaka ya 1920 kulikuwa na kliniki za watoto zilizopima uzito na kugawa chakula na maziwa. Wapo watoto waliookolewa, na uhai wa mtoto haubezwi. Lakini kampuni ilikuwa ikihesabu vibarua wa kesho. Wakoloni walilalamika waziwazi kwamba mama wa Kiafrika ananyonyesha miaka miwili au mitatu, na kwamba katika kipindi hicho haongezi mtoto mwingine. Kwao, titi lilikuwa likichelewesha nguvu kazi. Kumwachisha mtoto mapema kwa maziwa ya kugawa kulifanana na huduma, na ndani yake kulikuwa na hesabu ya mgodi. Tangu niijue habari hiyo, kila ninapoona mtu analeta kikombe cha kupimia kwenye kifua cha mama, huwa nauliza kwanza anapima kwa faida ya nani.

Pamoja na hayo, siwezi kuungana na wanaosema vipimo vyote vitupwe. Kuna watoto ambao mililita ndiyo maisha yao.

Chukua mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati akiwa na kilo 1.5. Siku ya kwanza kanuni inayotumika ni mililita 60 kwa kila kilo, yaani mililita 90 kwa saa 24. Akilishwa mara nane, kila mlo ni mililita 11 hivi, vijiko viwili vya chai na tone. Mtoto huyo hana nguvu ya kunyonya hadi ashibe, wala ya kulia vizuri akiwa na njaa. Mama anamkamulia kwa mkono kwenye kikombe kisafi, nesi anavuta kwa bomba la sindano lenye mistari na kupitisha kwenye mpira wa puani, na kiasi kinaongezwa taratibu kila siku. Hapo mstari mwembamba wa bomba ni rehema. Mwaka 2019, hospitali ya wazazi ya Pumwani jijini Nairobi ilifungua benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya. Wanawake wenye maziwa ya ziada huyatoa, yanapashwa moto kwa nyuzi 62.5 kwa nusu saa ili kuua vijidudu, na hupewa watoto ambao mama zao wamefariki, wanaumwa, au bado maziwa hayajashuka. Kiasi ambacho jikoni kingebaki kwenye kuta za sufuria bila mtu kujali, pale kinatosha mlo wa binadamu.

Chukua pia mtoto mwenye utapiamlo mkali, yule aliyevimba miguu au kubaki ngozi na mifupa. Hapa jiko na wodi vinakuwa kitu kimoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unatoa namna ya kumtengenezea maziwa ya kuanzia, yanayoitwa F-75 kwa kuwa yana kilokalori 75 katika kila mililita 100: gramu 25 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 70 za sukari, gramu 35 za unga wa nafaka, gramu 27 za mafuta ya kupikia, mchanganyiko wa madini na vitamini, kisha maji hadi lita moja. Ukiyatazama viungo vyake, ni uji mwepesi mtamu ambao bibi yeyote angeupika. Tofauti ni mzani. Mtoto wa namna hiyo moyo na figo zake vimedhoofika, na anayemwonea huruma akamjaza maziwa mazito siku ya kwanza anaweza kumuua. Hupewa mililita 130 kwa kila kilo kwa siku, zikigawanywa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Aliyevimba sana hupewa 100. Kwa mtoto wa kilo 6 asiyevimba hiyo ni mililita 65 kila mara, na mama anayemlisha kwa kikombe anamwona bado anataka, na anatakiwa kungoja. Huruma isiyopima ni hatari hapo. Kupima ndiko kupenda.

Kinachowatofautisha watoto hao na yule anayenyonya vizuri ni hiki: wao hawawezi kusema wametosheka, au miili yao haiwezi kuaminiwa inaposema. Mtu mzima anawapimia kwa sababu sauti yao imezimwa na ugonjwa au uchanga. Mtoto mwenye afya, aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi yake, sauti hiyo anayo. Anaachia titi mwenyewe. Anakojoa mara sita au zaidi kwa siku baada ya siku za mwanzo kupita. Anaurudia uzito wake wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili au karibu na hapo, na kila mwezi, akining'inizwa kwenye mzani wa kliniki ndani ya ile suruali ya kitambaa, mstari wa kadi yake unapanda. Mzani huo haupimi maziwa. Unampima mtoto, na kupitia kwake unajua yote unayohitaji kujua juu ya maziwa.

Wanazuoni wa Kiislamu walikutana na swali la kipimo cha titi kwa mlango mwingine kabisa. Mtoto akinyonyeshwa na mwanamke asiyekuwa mama yake, anakuwa mwanawe wa kunyonya, na watoto wa mwanamke yule wanakuwa ndugu zake wasiooana naye. Basi lazima ijulikane ni kunyonya kiasi gani kunakojenga undugu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, ni mara tano kamili zilizo mbalimbali, kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Na mara moja ni ipi? Ni pale mtoto anapoacha titi kwa hiari yake, akatosheka. Akipumzika kidogo kuvuta pumzi au akageuka kuchezea kitu kisha akarudi papo hapo, bado ni mara ileile. Wanazuoni wale walikuwa wanatafuta mpaka wa sheria, mpaka ambao ndoa za watu zingeutegemea, na bado kipimo walichokitumia hakikuwa ratili wala kibaba. Walimkabidhi mtoto kipimo hicho. Yeye ndiye anayetia nukta mwisho wa sentensi.

Katika Qurani, aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na inawaruhusu wazazi kumwachisha mtoto kwa kuridhiana na kushauriana. Ninachokitazama zaidi ni kile kinachofuata muda huo: chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha vinawekwa juu ya baba, kwa kadiri ya wema unaofahamika na uwezo wake. Kiasi cha maziwa hakikuulizwa. Kilichopimwa ni wajibu wa wanaomzunguka mama.

Mila zetu nyingi ziliujua wajibu huo. Mzazi aliletewa uji wa pilipili manga, supu ya kuku, na Uchagani mtori, akakatazwa kazi nzito hadi arobaini yake itimie. Sayansi ya leo inaupa wajibu huo namba: mama anayenyonyesha anahitaji takriban kilokalori 500 za ziada kila siku. Basi mtu akitaka kweli kujua kama maziwa yatatosha, njia ipo. Apime sahani ya mama. Apime usingizi wake, na ndoo za maji anazobeba, na maneno anayotupiwa. Hofu na maumivu huizuia oksitosini, na maziwa yaliyomo yanagoma kushuka.

Halafu likizo inakwisha, na mama anarudi kazini. Hapa vipimo viwili vinakutana uso kwa uso katika nyumba za mijini. Mama anakamua alfajiri, na kwa mara ya kwanza anayaona maziwa yake ndani ya chombo chenye mistari. Anaona kidogo, na moyo unamshuka. Lakini mashine haina joto la mtoto wala sauti yake, na wanawake wengi wenye maziwa tele hupata machache kwenye mashine kuliko mtoto anavyopata. Mstari ule unapima kilichokamuliwa, basi. Haupimi alichonacho.

Hata hivyo chombo kile kinahitajika, na sababu yake inanifurahisha, kwa kuwa ni ileile ya muuza maziwa na mteja wake: sasa kuna mtu wa tatu. Dada wa kazi, au bibi aliyetoka kijijini, lazima ajue amlishe kiasi gani. Hesabu si ngumu. Kama mtoto anakunywa karibu gramu 788 kwa saa 24, kila saa mama asipokuwepo ni mililita 30 na kitu. Akitoka kwa saa tisa, kama mililita 300 zinamfikisha jioni, zikigawanywa kwenye vikombe vidogo safi. Kikombe kinaoshwa kwa urahisi kuliko chupa, na mtoto hukinywea kwa mwendo wake mwenyewe. Dada anayeambiwa hivyo kwa upole, na kuelekezwa kumtazama mtoto anapogeuza uso, anaweza kulea kwa utulivu. Tena tusisahau kwamba mara nyingi yeye naye ni mama. Mwanawe amebaki kwa bibi, na maziwa yake mwenyewe yalikauka safarini. Hakuna aliyeyapima hayo.

Kwa hiyo nikirudia swali la mwanzo, maziwa yanatosha, nadhani jibu lake halimo kifuani mwa mama, limo kwetu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamtaka mwajiri amruhusu anayenyonyesha hadi saa mbili za kazi kila siku kwa ajili hiyo. Kenya inatoa miezi mitatu, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri waweke mahali pa kunyonyeshea. Hizo ni hatua, na waliozipigania wanastahili heshima. Lakini wataalamu wa afya wanamwambia mama anyonyeshe bila kuchanganya kitu kwa miezi sita, karibu siku 180. Kati ya 84 na 180 kuna siku 96 ambazo tumemwachia azitafute mwenyewe, kwa mashine, kwa kuamka alfajiri, kwa kuomba ruhusa ya bosi. Na hao ndio wenye ajira ya maandishi. Mama ntilie, muuza samaki na mfanyakazi wa ndani asiye na mkataba mara nyingi hawapati hata hizo 84.

Hizo ndizo namba ninazotaka tuzipigie kelele. Saa mbili za sheria zifike kweli mezani kwa karani na kwenye mashine ya kiwandani, wala zisibaki kwenye kitabu. Siku 96 zijadiliwe bungeni kwa uzito uleule tunaomwekea mama juu ya mililita zake. Soko linalojengwa liwe na chumba safi, chenye kiti na maji, anapoweza kukaa muuza nyanya na mwanawe. Mama mkwe, akitaka kuuliza, aulize umekula nini leo. Mizani na vikombe na saa tunavyo tayari, na tumejifunza kuvitumia kwa usahihi juu ya mtoto mwenye kilo moja na nusu. Tukivigeuza vituelekee sisi, tutaona wazi ni nani aliyepunjwa, na ni nani anadaiwa nyongeza.